Nani Alipasua Karteri

...elfu kumi na tano, ndiyo, elfu kumi na tano zangu, namwambia Trésor usoni, umezikata kwenye mshahara wangu kwa karteri, lile bakuli la oili chini ya injini, ambayo hakuna aliyeniona nikiipasua, na yeye hata hainui kichwa, macho kwenye simu, kidole kinapanda kinashuka, "Bon, Yunus, mulinyamaza wote watano, munalipa wote watano," na mimi nimeshapiga meza kwa ngumi, sauti yangu inafika uani kwenye pikipiki, najua wenzangu wameacha kazi wanasikiliza, René, Orpha wa stoo, wale wawili wa matairi... hapana, hawajaacha, siku hizi nani atathubutu, wanakaza nati huku masikio yamesimama... mimi mtu wa maneno yaliyonyooka, mtaa mzima wa Mangobo unajua, ufundi sikusomea popote, nilifungua pikipiki za watu nikazifunga tena mpaka zikanizoea... wakati wa Papa Timothée, tonton yake huyu Trésor, mjomba aliyefungua karakana hii, kabla miguu haijamshinda, ukiharibu kitu unaita palepale, ni mimi, kwa sauti, na karakana nzima inasimama, wanakuja kukucheka, René anakuita docteur wa vyuma vilivyokufa, na papa mwenyewe anapiga magoti kwenye oili, mnatafuta pamoja dawa yake, hasara akiibeba yeye, halafu mchana fufu na pondu, beseni moja, mikono yote... huyu Trésor akakalia kiti chake, akaja na sheria yake, anayekiri ndiye analipa, akaanza kutuita mmoja mmoja humu ofisini, kwa upole, mlango umefungwa, anauliza habari za wenzetu, basi kila mtu akanunua kufuli ya sanduku lake la spana, Orpha akaacha kusalimia, beseni likawa sahani tano na migongo mitano, na pikipiki zikaanza kutoka hapa na nati za kubahatisha, maana nani atasema nimekosea... ile nyekundu, wiki tatu zilizopita, mvua inapiga bati, naifunga nati ya kutolea oili chini ya injini, nikaikaza kupita kiasi, nikasikia tk, kidogo tu, ufa mwembamba kama unywele kwenye karteri, na mdomo ukafunguka wenyewe kwa mazoea, nikaufunga, nikachukua gundi, nikapaka, nikafuta, nikaenda kunawa mikono... "Uko unaangalia nini?" anauliza Trésor, ngumi yangu bado iko mezani... mwenye ile nyekundu, yule wa taksi-moto, alirudi anaisukuma kwa miguu kutoka njia ya uwanja wa ndege wa Bangboka, oili yote imebaki barabarani, abiria wake, mama mmoja, amekosa ndege, wala hakututukana, alisema tu, mimi niliileta hapa kwa sababu ya jina la Papa Timothée... na René aliulizwa, na René alijua, ndiye aliyenishikia tochi, akasema sikuona kitu, akakatwa mshahara kama sisi, naye ana watoto watatu shuleni, hajaniambia neno, ila chakula anakula akiwa amenipa mgongo, na mimi ndiye huyu ninayepiga meza kudai haki, nimelipaka matope jina la huyu kijana kila siku, ana sheria mbaya, ndiyo, mbaya kabisa, lakini mdomo ule sikufungiwa na yeye... "Ni mimi," nasema, na kidole kinasimama juu ya simu, "karteri niliipasua mimi, nikapaka gundi, René haiko na kosa," na ajabu, kifua chepesi, wiki tatu nilikuwa napumua nusu bila kujua, sasa pumzi inaingia mpaka chini, ningeweza hata kucheka hapa mbele yake, huko uani spana moja imenyamaza, na ya pili, na kuna mtu amekohoa, kikohozi cha René hicho, nakijua, kile cha kuficha kicheko, sijakisikia tangu mwaka jana... "Donc unalipa yote, elfu makumi saba na tano," na mimi nasema kata, kata kwangu, hata leo, najisikia kama mtu aliyevua viatu vya kubana, na yeye anarudi kwenye simu, kidole kinapanda kinashuka, kwake habari imekwisha, wala hajauliza kwa nini niliogopa kusema, na sioni tena haja ya kumpigia kelele, nasema polepole tu... "Sasa ile pesa ya René, ya Orpha na ya wale wawili. Elfu kumi na tano kila mutu. Irudishe sasa hivi."