Mikono Iliyokwenda Kazini

Tegeni masikio, wajukuu zangu: ninayo miwili, mizima, haiumi popote, na nimekatazwa kuitumia. Ni nini? Mmeshindwa? Basi leo sitaki mji, nawajibu bure. Ni mikono ya mke aliyemfuata mume ugenini.

Mke huyu alikuwa mkunga. Alipotua uwanja wa ndege na mumewe, fundi wa lifti, ofisa alimwuliza, "Kazi yako, mama?" Kabla hajafungua kinywa, mume akadakia, "Yuko na mimi." Ofisa akagonga muhuri: kukaa ruksa, kufanya kazi marufuku. Swali likabaki hewani.

Basi akakaa. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya nne, na dirisha lilitazamana na hospitali ya uzazi. Alifagia, kisha akafagia palipofagiwa. Alitandika shuka kwa kukunja pembe kama za wodini, akalitandua, akalitandika upya. Mimba iliingia, naye akafurahi kupata cha kungoja. Lakini akisikia mwanamke analia ng'ambo ya barabara, vidole vilimcheza mapajani.

Asubuhi moja, akiwa anaosha vikombe, mikono yake ilijitoa viwikoni bila damu, kama mtu anavyovua soksi. Ikajifuta kwenye taulo, ikafungua mlango, ikashuka ngazi kwa vidole. Jirani wa ghorofa ya pili aliipisha, maana ilionekana ina haraka. Maji ya bomba yalimwagika mpaka mume aliporudi mchana akayafunga.

"Imekwenda wapi?" aliuliza.

"Kazini."

"Haya. Itarudi saa ngapi?"

"Zamu ikiisha."

Akapasha supu, akamlisha kwa kijiko. "Fungua mdomo, bi harusi," alimtania. Mke akacheka mpaka supu ikampalia.

Kule hospitalini mikono ilinawa, ikavaa glavu, ikazalisha. Muuguzi mkuu alikuwa na uhaba wa wakunga, hakuwa na nafasi ya maswali. Ilijua kumgeuza mtoto aliyelala vibaya, na wazazi waliisifu kwamba haina maneno mengi. Jioni ilirudi ikinuka dawa, ikajirudisha mahali pake.

Ikawa hivyo kila siku. Halafu ikaanza kuchelewa. Halafu hospitali ikaipa chumba kulekule, na nyumbani haikuonekana tena. Mume akavuka barabara kwenda kuulizia.

"Watu wa uhamiaji wameshapita hapa," muuguzi mkuu alimwambia. "Wamesema aliyekatazwa kazi ni mtu. Mikono si mtu, kwa hiyo iendelee."

"Na mshahara?"

"Mshahara analipwa mtu, shemeji."

Mume aliporudi na habari hizo, mke alitazama mikono mitupu ya gauni lake. "Iache," alisema. "Angalau yenyewe inafanya kazi."

Uchungu ulipomshika, mume alimvusha barabara akiwa amemshika kiunoni. Mikono ikaja kitandani pake ikiwa na glavu, ikampapasa tumbo kama inavyompapasa mgeni yeyote.

"Kushoto kidogo," mke alisema kwa mazoea. Ilikuwa imeshafika kushoto.

Alizaliwa mtoto wa kike, akalia vizuri. Mikono ikakata kitovu, ikamfuta mtoto, ikamlaza kifuani kwa mama yake. Mama alitaka kumkumbatia, viwiko vikanyanyuka, vikakosa cha kufikisha. Mtoto akaanza kuteleza. Mume akamdaka. Mikono ilikuwa imeshahamia kitanda cha pili, maana huko kulikuwa na mwingine anasukuma.

Akaja karani wa wodi na kompyuta yake ya magurudumu, msichana mwenye macho ya kukosa usingizi. Akauliza uzito wa mtoto, akauliza jina la baba.

"Kazi ya baba?"

"Fundi lifti."

"Kazi ya mama?"

Mume akafungua kinywa.

"Nyamaza, baba'ke," mkewe akasema.

Karani akashusha sauti. "Dada yangu, sema lolote unalotaka. Kwa kibali chako cha kukaa tu, hii mashine inakubali 'hana kazi' peke yake, na nimeshaijaza. Ila kuuliza ni lazima niulize. Kazi ya mama?"

"Mkunga," alisema.