Pweza wa Mwalimu Saada

Mwalimu Saada alisikia mlio wa mchi kabla hajafika uani, na moyo ukamlipuka. Leo hakukuwa na cha kutwanga nyumbani kwake.

Mama mkwe wake, Bi Moza, alikuwa amemlaza pweza juu ya jiwe, anamponda alainike. Pweza yule yule! Saada alimwagiza kutoka Lindi, akaja na basi ndani ya ndoo ya barafu, na mvuvi alibembelezwa asimsafishe. Wiki nzima wanafunzi wake walikuwa wakimcheka. Mnyama gani ana mioyo mitatu? Eti chakula chake kinapita katikati ya ubongo! Mwalimu anatupiga kamba. Akawaapia kwamba leo watajionea wenyewe.

"Mama, vya ndani viko wapi?"

"Si nimetupa, mwanangu! Wamekuuzia na uchafu wake, hawana haya watu wale. Tangu nizaliwe hapa Nachingwea sijaona pweza anafika na matumbo. Nyama yote ipo, usiogope."

Jalalani kuku walikuwa wakigombania kipande cha mwisho. Saada aliwakimbilia na kiatu mkononi, asiambulie kitu. Hasira zilimpanda. Uchafu! Huo uchafu ndio uliokuwa somo.

"Huyu hakuja kuliwa! Kwa nini hukuniuliza?"

Mumewe, Masoudi, akachungulia mlangoni. "Punguza sauti, kuna wageni. Mama anakusaidia kupika, wewe unamfokea?"

"Shukrani ya punda mateke," Bi Moza akanung'unika.

Kumbe wageni walishaahidiwa kitoweo, na mwenye pweza hajui! Saada akamzoa, akamtumbukiza ndooni, akapita naye sebuleni katikati ya wageni, maji yakidondokea mkeka. Wageni watakula kisamvu!

Darasani alikata mkono mmoja kwa wembe. Ndani ya nyama iliyopondekapondeka, uzi mweupe wa neva ulikuwa bado mzima.

"Mikono hii minane ina neva nyingi kuliko ubongo wenyewe," alisema. "Hata ukikatwa, mkono unaendelea kujikunja."

Wanafunzi wakasogea, wakainama. Kwa mara ya kwanza walikuwa wanamwamini. Kisha Munira, aliyekaa mbele, akanyoosha kidole.

"Na ile mioyo mitatu, mwalimu?"

Saada alijibu: "Imeliwa na kuku nyumbani kwangu."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu kaanza tena kamba zake! Saada akabaki amesimama na wembe mkononi, machozi ya hasira yakimlenga.