Kichwa cha Usumani

Mtaa mzima wa Biryogo ulimsalimia mzee Usumani kwa mpira. Akitoka msikitini, yeyote mwenye mpira alipaza sauti, "Muzee, kichwa!" na kuurusha, naye aliupokea kwa paji la uso na kuurudisha palepale ulikotoka. Watu wakashangilia. Alikuwa beki wa timu ya taifa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, enzi za mpira wa ngozi uliokunywa mvua ukawa mzito, na kichwa hicho ndicho kilichompandisha ndege mara ya kwanza.

Binti yake Shami, fundi cherehani, alishangilia nao mpaka siku daktari alipomwonyesha picha ya ubongo wa baba yake.

"Kila pigo linamng'oa kitu," daktari alisema. "Akiendelea hivi, atakusahau hata wewe."

Shami alikuwa na ulimi mkali, na safari hii aliutumia. Alipita uchochoro kwa uchochoro, mkasi mkononi: atakayemrushia baba yangu mpira, nitaupasua mbele ya macho yake. Wakamwogopa. Vijana wakimwona mzee, waliuficha mpira mgongoni na kuinamisha nyuso.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Usumani alisimama njiani, uso juu, akingoja, na hakikuja kitu. Akaacha kutoka. Akawa anashinda mlangoni pa duka la Shami akiitazama mikono yake mwenyewe. Shami alijidanganya kuwa ni huzuni tu, itapita.

Asubuhi moja alimpelekea chai. Mzee akaipokea kwa adabu iliyozidi.

"Asante, mama. Wewe iko mtoto wa nani hapa Biryogo?"

Shami aligeuka akaingia dukani. Chini ya meza ulikuwepo mpira aliomnyang'anya kijana mmoja wa jirani. Akauokota. Alijua kabisa anachotaka kufanya. Akaurusha taratibu, kama unavyomrushia mtoto.

Paji la uso likaupokea. Ukarudi mikononi mwa Shami barabara, na macho ya mzee yakawaka.

"Shami!" akacheka. "Unarusha kama muoga! Leta ingine, mwanangu. Kwa nguvu!"

Shami alikuwa analia. Alitamani mno kulisikia tena jina lake.

Akarudi nyuma hatua chache, akaurusha kwa nguvu.