Mpunga wa Pandanlor

Jumanne, tarehe 14 Januari 2020. Mvua ilikuwa inanyesha tangu kabla ya alfajiri, mvua nyembamba isiyo na upepo, na bahari ilikuwa imeingia tena majikoni mwa watu wa Pandanlor.

Kasmuri aliiacha pikipiki yake pale lami ilipoishia, akavua viatu, akakunja suruali ya sare hadi magotini, akaanza kutembea juu ya mbao zilizopangwa juu ya maji. Alikuwa karani wa kijiji cha Tambakwangi, pwani ya kaskazini ya Java, na Pandanlor ndicho kitongoji cha mwisho cha kijiji hicho, upande wa baharini. Asubuhi hiyo alikwenda kumchukua dada yake, Rukanah, ampeleke kwenye mkutano wa mipango ya maendeleo. Ofisa wa wilaya angesoma vitongoji vitakavyopewa viwanja vikavu upande wa kusini, ng'ambo ya barabara kuu. Pandanlor nzima ilikuwa inasubiri jambo hilo moja.

Kasmuri alikuwa analijua jibu. Barua ilifika mezani kwake jana mchana. Pandanlor haimo.

Sababu nayo alikuwa anaijua. Kila mwaka kijiji kinapaswa kupeleka wilayani wasifu wake: watu wangapi, visima vingapi, mashamba ya ukubwa gani, hatari zipi, matarajio yapi. Mwaka wake wa kwanza kazini, mkuu wa kijiji wa wakati huo alimwambia, "Nakili ule wa mwaka jana, badilisha tarehe, tutapiga muhuri." Akanakili. Mwaka uliofuata hakuna aliyemwambia kitu, akanakili mwenyewe. Hivyo hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Ardhi ilididimia, bahari ikameza mashamba, ikameza na makaburi, lakini kwenye karatasi za Kasmuri Pandanlor iliendelea kuvuna mpunga mara mbili kwa mwaka. Hekta themanini na sita. Mafuriko: hakuna.

Hakuna alichopata kwa uongo huo. Aliogopa tu kuwa mtu wa kwanza kuandika habari mbaya, na kila mwaka uliopita ulizidi kumfunga mdomo. Baada ya sala alikuwa anamwomba Mungu amsamehe. Hakuwahi kumwomba ujasiri wa kusahihisha.

"Inama, inama!" Rukanah alipiga kelele kutoka ndani. "Utanipasulia boriti na hicho kichwa chako cha serikali."

Kasmuri akainama. Sakafu ya nyumba ile ilikuwa imeinuliwa mara nne kwa udongo na magamba ya chaza, paa likabaki pale pale.

"Kila anayeingia kwangu lazima arukuu kwanza," dada yake alisema akicheka. "Hata wasiosali. Kaa ule."

Alimwekea wali, samaki mkavu na pilipili ya kusaga.

"Nimeshiba, dada."

"Umeshiba nini, hewa? Utasimama mbele za watu na tumbo tupu, halafu waseme Rukanah hakukulea vizuri?"

Kasmuri akala. Pembeni ya kitanda aliliona boksi limefungwa kamba, na juu yake mswala uliokunjwa na picha ya marehemu shemeji yake.

"Umeshafunga mizigo?"

"Ningoje nini? Wakisoma leo, kesho naondoka. Sitaki kiwanja kikubwa mimi. Hata kikiwa na upana wa mkeka huu kinanitosha. Nitapanda pilipili na mchaichai." Akashusha sauti. "Unajua, mdogo wangu, nimesahau harufu ya udongo mkavu ukinyeshewa. Shemeji yako nimeshamuaga. Nilikwenda jana pale kwenye mwanzi tuliouchomeka juu ya kaburi, maji yalinifika hapa kiunoni. Nikamwambia, nitakuwa nakuombea kutoka nchi kavu."

"Dada..."

"Nini?"

Kasmuri alimtazama. Alikuwa amevaa baibui lake la sikukuu, amejipaka poda kidogo.

"Mvua itaongezeka," alisema. "Twende."

Ukumbi wa kijiji ulikuwa umejaa. Watu wa Pandanlor walikaa mbele, saruni zao zimelowa chini, wameshika vijiboksi vya tofu ya kukaanga na wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la mgomba. Mkuu wa kijiji, Pak Hadiwira, yaani Bwana Hadiwira, alianza kwa kuwasomea wasifu na matarajio ya Tambakwangi. Picha zilionekana ukutani moja baada ya nyingine: mikoko, machweo, kijana akipiga kasia huku akitabasamu.

"Ndugu zangu, matarajio yetu ni makubwa. Miaka mitano ijayo, utalii wa mikoko..."

"Watalii watafikaje, Pak?" aliuliza Gufron, mtega kaa wa Pandanlor, ambaye hakuwahi kunyamaza kwenye mkutano wowote. "Au na wao watakuja na makasia yao?"

Ukumbi ukacheka. Pak Hadiwira naye akacheka kidogo, akampisha ofisa wa wilaya, Bu Prihatin, yaani Bibi Prihatin, mwanamke kijana mwenye miwani. Bu Prihatin alisoma vitongoji vinne, taratibu, kisha akaikunja karatasi.

Watu wakasubiri.

"Na Pandanlor, Bu?" Gufron aliuliza. "Umeruka ukurasa?"

"Sijaruka, Pak." Alifungua jalada lake. "Kwa mujibu wa wasifu wenu wenyewe, Pandanlor ni eneo la kilimo. Hekta themanini na sita za mpunga, mavuno mara mbili. Hatari ya mafuriko, hakuna."

Kwanza walicheka. Mzee mmoja alicheka mpaka akapaliwa na tofu.

"Kumbe! Ndiyo maana mpunga wangu una makucha!" alisema Gufron.

"Na ndiyo maana kila mwaka tunaletewa mbegu! Bata wangu wanawashukuru sana wilayani!" mama mmoja alidakia.

Halafu wakaona kwamba ofisa hacheki. Kicheko kikawakatika mmoja baada ya mwingine, mpaka ikabaki sauti ya mvua juu ya bati.

Pak Hadiwira aliinama sikioni mwa Kasmuri. "Sema kompyuta iliharibika. Hayo tu. Mengine niachie mimi."

Kabla hajajibu, Rukanah alikuwa ameshasimama.

"Samahani, Bu. Mimi sikusoma sana. Lakini hayo yatakuwa makosa ya huko kwenu. Karani wetu ni mdogo wangu, tumbo moja, nimemlea kwa mikono yangu hii. Hawezi kuandika mpunga mahali penye bahari." Akageuka. "Kasmuri, waambie."

Kasmuri alisimama. Alisema bismillahi moyoni.

"Si kompyuta," alisema. "Wala si wilaya. Ni mimi. Nilinakili wa mwaka jana. Na wa mwaka juzi. Tangu nilipoanza kazi, nanakili. Sijawahi kuja kupima."

Gufron ndiye aliyesimama, na safari hii hakuwa na mzaha usoni.

"Mwaka ule mtoto wa Sarmidi alipoteleza kwenye ubao akazama. Kwenye hiyo karatasi yako uliandika nini?"

"Niliandika hakuna."

"Ulikuja kwenye mazishi."

"Nilikuja."

"Ukala."

"Nilikula."

Sarmidi mwenyewe alikuwa amekaa safu ya pili. Hakuinua kichwa. Aliendelea kukunja lile jani la mgomba mkononi mwake, dogo, dogo zaidi.

"Lakini litasahihishwa, si ndiyo, Bu?" Rukanah aliuliza. "Kwa kuwa amekiri?"

Bu Prihatin alivua miwani. "Mkileta wasifu wa kweli kabla ya mwezi kwisha, wapimaji watakuja mwakani. Viwanja vya awamu hii vimeshagawiwa, mama. Awamu nyingine... miaka mitatu, labda minne. Fedha zikiwepo. Siwezi kukudanganya."

"Miaka minne," Rukanah alirudia polepole, kama mtu anayejaribu uzito wa ndoo. "Nyumba yangu haina miaka minne."

Alimtazama Kasmuri kwa muda mrefu. Kasmuri alitamani amtukane, ampige hata kofi, kama zamani alipovunja mtungi wa mama yao.

"Kaa chini, Kasmuri," alisema. Hakusema mdogo wangu.

Kasmuri hakukaa. Aliifikiria nyumba yake kando ya barabara kuu, ya matofali, kavu, vyumba vitatu alivyokuwa anaishi peke yake tangu mkewe alipofariki na mwanawe kwenda kufanya kazi kisiwani Batam. Miaka yote hiyo amekuwa akilala pakavu na kuomba msamaha. Alihisi kwamba Mungu amechoka kumsikia akisema neno lile lile.

"Nina neno moja," alisema.

"Maneno umeshaandika ya kutosha," mama mmoja alimjibu kutoka nyuma.

"Mwache aseme," Gufron alisema, akamsukumia kipaza sauti. "Ila sema humu, karani, kila mtu asikie. Kesho usije ukatuambia hukusema."

Kasmuri alikishika kwa mikono miwili. Hakumtazama mkuu wa kijiji. Alimtazama Sarmidi, kisha dada yake.

"Nyote mnanisikia, na Mwenyezi Mungu ananisikia kuliko nyote. Nyumba yangu ina vyumba vitatu. Leo jioni waingie humo wenye watoto wachanga, na funguo wakae nazo wao. Mimi nahamia Pandanlor. Nitapima kila nyumba na maji yaliyomo, nitaandika ninachokiona, na nitatia jina langu chini yake, hata kama sitapigiwa muhuri. Na sitatoka Pandanlor mpaka wa mwisho wenu awe ametoka. Bahari ikiwahi kabla ya serikali, itanikuta mle mle pamoja na nyinyi. Wallahi, sitatoka."