Sauti Iliyokataa Kukaa Katikati

Haki ya Mungu, na hapa sitii chumvi hata punje: mzee Sumaku alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza ya watu, mkono mmoja nyuma ya kabati, akitafuta sauti iliyopotea.

"Imeingia huku," alinong'ona, kama mtu anayesaka panya. "Mama Pacha, hebu nisogezee hilo pazia."

Mama Pacha, mwenye nyumba, akasogeza pazia. Alikuwa ameshasogeza jokofu, saa ya ukutani, na kochi lenye baba yake juu. Sebule ilikuwa imekaa kama ya watu wanaohama bila kujua waendako.

Nieleze kidogo. Sumaku ni fundi wa spika za zamani, zile za mbao, ambazo ukibeba moja hadi ngazi ya pili unakumbuka dhambi zako. Jina hilo alipewa kwa sababu amekaa na sumaku za spika hadi zimemwingia mwilini. Skrubu humfuata zenyewe. Nimewahi kumwona akipita jikoni kwao, vijiko vikageuka kumtazama. Anayebisha aende akajaribu.

Mama Pacha alitaka sinema ya nyumbani. Hakutaka ile inayouzwa ndani ya boksi moja. "Gari likipita kwenye picha," alisema, "nilisikie linapita juu ya kochi." Akakusanya spika tano za ukoo: mbili kubwa zilizokuwa kwenye kibanda cha kunyolea cha baba yake enzi za kazi, moja ya mjomba, na mbili ndogo ambazo shemeji yake alizitoa kwenye ukumbi wa dansi uliofungwa. Spika tano, na hakuna hata mbili zilizozaliwa tumbo moja.

Sumaku alizipeleka dukani kwake. Sponji za ukingoni zilikuwa zimeoza, ukizigusa zinabomoka kama keki ya juzi; akazibandua, akabandika mpya. Koni zilizotafunwa na mende akaziziba kwa karatasi laini na gundi, tabaka juu ya tabaka, akikausha kwa pumzi. Kisha ikaja kazi anayoiita kuwafanya ndugu. Hapo hatumii kipimo chochote ila kaseti moja. Miaka mingi iliyopita alimrekodi mkewe akimgombeza kwa kuchelewa chakula. "Sauti hii," husema, "naijua kuliko jina langu." Basi huipiga kwenye spika moja, akaipiga kwenye nyingine, akafumba macho, akarekebisha mpaka wanawake wote wawe mke wake. Hakuna spika nzuri katika mtaa wetu ambayo haikuanza maisha yake mapya kwa kugomba.

Tatizo lilitokea siku ya kuzifunga sebuleni kwa Mama Pacha. Katika kazi hii, ukikaa mahali pa kukaa, sauti ya mtu anayesema inatakiwa isimame katikati, usoni pa televisheni, kana kwamba haitoki kwenye sanduku lolote. Sumaku akakaa kwenye kiti. Sauti ikasimama kushoto.

Akabadilisha: ya kulia akaipeleka kushoto, ya kushoto kulia. Sauti ikabaki kushoto. Akabadilisha waya, chanya na hasi, akazipanga upya moja moja. Kushoto. Akaushuku ukuta, akaupigapiga kwa kifundo cha kidole. Akaishuku saa. Akalishuku jokofu, likazimwa, maziwa yakaanza kuharibika.

"Fundi," alisema Mama Pacha, akishika kiuno, "mbona mimi naona iko sawa?"

"Iko sawa vipi, mama? Mtu yuko katikati ya picha, sauti yake iko dirishani!"

"Labda ni mtu wa namna hiyo."

Angeweza kusema asante, akakusanya vyombo vyake, akaenda. Hakuna ambaye angejua. Lakini Sumaku hajawahi kumwachia mtu spika kabla sikio lake mwenyewe halijakubali, na yote aliyo nayo mjini, heshima na duka na salamu za njiani, yamesimama juu ya kukubali huko. Akarudi chini ya meza.

Ndipo baba yake Mama Pacha, aliyekuwa amebebwa na kochi kutoka kona hadi kona bila kulalamika, akakohoa. Tunamwita Babu Kinyozi.

"Fundi, toka huko chini. Mimi nimenyoa watu maisha yangu yote. Kichwa kikionekana kimepinda, huwa sigombani nacho. Nageuza kiti."

"Babu, hiki si kichwa."

"Geuza kiti, bwana! Kaa, uipe televisheni mgongo. Kama mwizi ni nyumba, sauti itahamia kulia kwako. Kama mwizi ni wewe, itatembea nawe."

Sumaku akacheka, kwa heshima tu. Akageuza kiti. Akakaa akiutazama ukuta mtupu, na Mama Pacha akawasha kaseti. Mkewe akaanza kugomba nyuma yake.

Kushoto.

Akageuka ubavu. Kushoto. Akasimama, akazunguka taratibu katikati ya sebule kama mtu anayepimwa koti, na sauti ikazunguka naye, imemng'ang'ania bega lilelile. Akaziba sikio la kushoto kwa kiganja. Mkewe akanyamaza.

"Nitarudi kesho," alisema. Alitoka amevaa kiatu chake mguu mmoja na ndala ya Babu mguu wa pili, na kutoka kwangu ng'ambo ya barabara nilimwona akisimama njia panda ile anayopita kila siku, akitazama huku na huku, hajui kwao ni wapi.

Mkewe ni fundi cherehani. Sumaku alimkuta amepinda juu ya suruali ya mtu. Akaketi. Mkewe akainuka bila kuulizwa, akahamisha kigoda chake kutoka kulia kwa mumewe hadi kushoto.

"Kwa nini umehama?" Sumaku akauliza.

"Nahama kila siku, baba. Mezani, njiani, kitandani. Tangu mwaka jana."

"Kitandani ulisema feni inakupiga!"

"Nikahamia chini ya feni. Na ukaamini."

"Kumbe ulijua. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikuambia upande wa kulia."

Walicheka wote wawili, halafu mmoja akaacha kabla ya mwenzake. Sumaku akaangalia mikono yake, yenye gundi iliyokauka kwenye kucha.

"Basi nifunge duka. Fundi spika asiyesikia ni nani? Leo nimezunguka sebule ya watu kama kuku aliyepigwa jua. Nimezima jokofu lao. Zile spika nimezipanga mimi, mke wangu, na sasa sijui nilipanga nini. Sijui hata kama nyumba nilizofunga spika mwaka huu zote zinasema kweli."

Mkewe akamwekea sindano kiganjani, na uzi. Sumaku akautunga bila kufikiri, kama anavyoutunga kila asubuhi.

"Tangu macho yangu yalegee," mkewe akasema, akiipokea, "nilifunga cherehani?"

Kesho yake walikwenda pamoja. Sumaku hakuzunguka. Akamwambia Mama Pacha pale mlangoni, akimrudishia Babu ndala yake: "Nyumba yako haina kosa, mama. Sikio langu la kulia limekwenda. Nimeleta mengine." Mama Pacha akamtazama mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni, akamtazama fundi, hakuelewa, akaenda kuchemsha chai.

Mkewe akawekwa kwenye kiti. Kaseti ikawashwa.

"Huyu ni nani anayegomba hivi?"

"Ni wewe."

"Mimi? Mimi sina sauti hii! Huyu ana jino bovu."

"Ndiyo wewe, mama watoto. Kila mtu anakujua hivyo."

"Mtaa mzima umenisikia nikisema 'chakula kimepoa'?" Akafunika uso kwa futi. Babu Kinyozi alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Lakini kaseti ilipozunguka mara nyingine, mkewe akainamisha kichwa kama anavyofanya akilinganisha vipande viwili vya kitambaa dirishani.

"Sikiliza. Hakuna hata mmoja ambaye ni mimi. Ila wanne ni mwanamke mmoja. Yule wa nyuma, karibu na mlango, ametoka gora lingine la kitambaa."

"Gora lingine vipi? Ni mkali? Ni mzito?"

"Ana mafua."

Sumaku akapiga magoti mbele ya sanduku lile, akafungua skrubu za nyuma, akachungulia. Pamba ya ndani alikuwa ameijaza nusu tu; pale dukani, sanduku hilo alilipima likiwa upande wake wa kulia. Akaomba pamba. Mkewe akatoa mkobani pamba ya kujazia mito, akaikunjua, wakaisukumia ndani pamoja, mkono juu ya mkono. Sumaku akapunguza makali ya ile spika ndogo ya sauti nyembamba, juu ndani ya sanduku. Kaseti.

"Bado anapenga."

Akaongeza pamba.

"Sasa amepona. Ila amekaa mbali, kama amenuna."

Akasogeza sanduku. Tena. Tena kidogo.

"Hapo," mkewe akasema. Akanyoosha mkono hewani, mbele ya uso wa televisheni, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Amesimama hapa."

Sumaku alitazama pale mkono ulipokuwa. Kwake sauti bado ilikuwa dirishani.

Sasa utamu uko hapa. Mama Pacha akaweka picha ya mvua. Mvua ilianzia nyuma ya kochi, ikapita juu ya Babu, ikaenda kunyesha mbele. Babu akafunika upara wake kwa gazeti. Na nje, jua linawaka, mtaa mzima ukatoka mbio kuanua nguo kambani!

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika jana, nikiwasimulia wateja dukani kwa Sumaku, nao midomo wazi, mkewe alipotokea kutoka chumba cha nyuma.

"Mtaa mzima?"

"Mtaa mzima, shemeji. Haki ya—"

"Hicho kiapo usikimalize. Mimi nilikuwa kwenye kiti, dirisha liko wazi. Aliyetoka mbio ni mmoja. Alikuwa amejifunga taulo. Akaanua nguo zake, akaanua na za jirani, akasimama mlangoni na mwavuli, akilitazama jua."

Wateja wakaangaliana. "Nani huyo?" mmoja akauliza.

"Mwulizeni huyu kama zile shuka ameshazirudisha."

Sumaku hakuinua hata kichwa kutoka kwenye koni aliyokuwa akiibandika. "Soda," alisema. "Za wote. Na yangu baridi."

Hiyo ndiyo faini yangu nikikamatwa nikitia chumvi. Nikaenda dukani kwa jirani, mwenye shuka, nikapokea chupa na maneno.

Niliporudi, kazi ilikuwa imeanza. Wamepanga masanduku mawili juu ya benchi, ya mteja mpya. Mkewe ameketi kwenye kigoda, macho amefumba, kidole kimoja amekiinua. Kaseti inagomba kwa sauti ya chini. Sumaku ameinama nyuma ya sanduku la kulia, hatazami spika, anamtazama yeye, kidole kikiinama upande mmoja, anasukuma sanduku upana wa uzi, kikirudi, anangoja. Nilisimama kizingitini, chupa zikinidondoshea maji viatuni, nikiuliza kwa macho niziweke wapi. Hakuna aliyeniona. Kidole bado kilikuwa kinasogea, polepole, kikitafuta.