Meza ya Alhamisi ya Ledi Honora

Je, umewahi kumwona mtu akiandaa meza ya wageni wanane huku moyoni anajua hakuna atakayekuja?

Mimi nimemwona, hapa Durban, mwaka tisini na nane. Ledi Honora alikuwa mjane wa Kiingereza, binti wa lodi, akikaa ghorofani South Beach. Zamani, kwake London, wanasiasa walikuwa hawakauki mlangoni. Aliwapigania wafungwa wa siasa wa Afrika Kusini kwa kuwalisha wakubwa. Humketisha mbunge ubavuni mwa adui yake, akawawekea kidau kimoja tu cha chumvi, ili mmoja amwombe mwenzake. "Mtu akishaomba chumvi," aliniambia, "ukali unapungua."

Ubaguzi ulipokwisha akahamia huku, awe karibu na wakimbizi wa Afrika Kusini aliowakirimu kule London. Lakini sasa walikuwa na vyeo huko Pretoria, na simu zao zikipokelewa na makarani.

Mimi nilikuwa mpishi wake. Kiswahili alikijua tangu Tanga, mumewe alipokuwa huko serikalini, basi tulielewana. Kila Alhamisi nilipiga pasi kitambaa cheupe, nikang'arisha uma, nikapanga sahani zile zenye ukingo wa buluu. Nikishuka kununua mkate, Papy, Mkongo aliyelinda magari chini, hunichokoza.

"Mama Coletha, leo iko wageni, ao mutalisha viti tena?"

"Linda magari wewe!"

"Eish, mama, mimi niko na njaa tu!"

Saa saba mchana Ledi huketi peke yake, lulu shingoni. Nikimwekea supu husema, "Karibu, Coletha." Nami hujibu, "Starehe, mama," kama nilivyolelewa. Kwetu Bukoba mtu hakubali mara ya kwanza. Anayekutaka kweli atakukaribisha tena, hata akushike mkono. Yeye hakurudia hata siku moja. Nikajua ni adabu tu. Nikala jikoni, nimesimama, nikisikia kijiko chake kikigonga sahani.

Alhamisi moja simu ikalia. Karani alisema mheshimiwa mmoja wa Pretoria aliyeahidi kuja amepata udhuru. Ledi akarudi mezani taratibu, nikamwekea supu.

"Karibu, Coletha."

"Starehe, mama."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliposema, "Nimekukosea nini? Miaka miwili nakualika, unanikataa."

"Mama! Mimi nangoja uniambie tena."

"Tena? Kwetu aliyekataa habembelezwi. Ni kumwaibisha."

Tukatazamana, supu inapoa. Nami, mazoea yana taabu, nikabaki pale pale mlangoni nimeshika sinia.

Ledi akainuka, akaja hadi nilipo, akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Basi nakuambia tena," alisema. "Sitaki kula peke yangu. Njoo ukae nami."