Mama Mapema

Jina hilo walimpa wateja wake, na mwanzoni lilimpendeza. Alikuwa mjane mnene wa kiasi, mwepesi wa miguu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Kazi yake ilikuwa kukodisha maturubai na viti. Harusi alizichukua, mikutano hakuikataa, lakini kilichomjengea jina ni misiba. Ukifiwa, kabla hujafuta machozi ya kwanza, gari lake limeshapiga honi getini. Hujatuma mtu, hujapiga simu. Unashtukia turubai linapandishwa, naye amesimama pembeni anakwambia, "Pole sana, ndugu yangu. Nyie lieni tu, mengine niachieni mimi."

Washindani wake walifika jioni wakakuta uani hapana hata pa kuweka kigoda.

"Huyu mama ana mtu wake hospitali," walinung'unika. "Kama si hospitali, basi mochwari."

Yeye alicheka, akawaacha wabuni. Ukweli ni kwamba hakuwa na mtu popote. Alichokuwa nacho ni mlio.

Ulianza mara tu aliponunua vifaa. Mwenyewe wa zamani alikuwa mzee aliyeichoka kazi hiyo ghafla, akauza kila kitu kwa mpigo, wala hakutaka kupatana bei. Akiba ya mjane haikutosha. Mdogo wake, fundi wa kushona, akauza cherehani yake mpya akarudia ile kuukuu. "Nenda kachukue, dada," alimwambia, "kabla huyo mzee hajabadili mawazo." Viti vikapangwa ghalani, mlango ukafungwa. Wiki haikwisha. Mchana mmoja, akiwa jikoni anaosha vyombo, alisikia viti vya chuma vinakunjuliwa, kimoja kimoja. Kwaa. Kwaa. Kwaa.

Akaenda na ufagio mkononi kumtimua mwizi. Ghala lilikuwa kimya, viti vimeegemeana ukutani kama alivyoviacha. Ila kichwani mwake kulikuwa kumeingia nyumba, wazi kabisa, kama unavyokumbuka ghafla jina lililokuponyoka: geti la bluu la mwalimu mstaafu, na kibaraza chake chenye ufa. Kabla jua halijazama alisikia mwalimu amefariki.

Mara ya pili alisema ni mambo ya kusadifiana tu. Mara ya tatu alipakia gari.

Tusimhukumu haraka. Alikuwa na watoto wa kusomesha, na mji mzima ulikuwa unamwimbia kwamba biashara ni kuwahi. "Mimi simwiti mtu," alijiambia kila mlio ulipokuja. "Wanakwenda wenyewe. Mimi nawahi tu." Na biashara ikachanganya kweli. Gari moja likawa mawili, ghala likaongezwa chumba. Lakini ndani ya nyumba yake redio haikuzimwa tena, kwa sababu kimya kilimtisha. Akaanza pia kuona watu wanavyombadilikia. Wanawake waliomwona kwa mbali walikumbuka wamesahau kitu nyumbani, wakageuza njia. Mwenye duka alimhudumia yeye kwanza, hata kama foleni ilikuwa ndefu, ili aondoke upesi.

Kikundi cha wanawake wafanyabiashara hakikuyajali hayo, au kilijifanya hakiyajali. Kikamwalika aje azungumze nao. Ilikuwa alasiri, ukumbini, feni zinazunguka kivivu. Mwenyekiti wao, mwenye saluni, akamkaribisha kwa mbwembwe.

"Huyu ndiye anayejua maana ya wakati! Sisi wengine tunaingiza miavuli dukani mvua ikishakatika!"

Wakaangua kicheko. Mstari wa mbele alikuwepo mdogo wake, mjamzito, tumbo limemtangulia. Alikuwa amevua viatu kwa sababu miguu ilimvimba, akawa anampungia dada yake mkono kwa fahari.

Alianza vizuri. Aliwaambia sare za shule zishonwe watoto wangali likizoni. Aliwaambia wasifungue biashara kwa kuwa jirani amefungua, kwani jirani mwenyewe huenda yuko karibu kufunga. Kalamu zikawa zinaandika. "Na msisubiri mteja awaambie anataka nini," akasema. "Akigeuka tu, awakute mmeshafika."

Kwaa.

Akatazama ukumbini. Kila mtu ameketi, hakuna aliyegusa kiti. Kwaa. Akashika meza. Aliomba moyoni iwe nyumba ya mtu asiyemjua, halafu nyumba ikaja: pazia la maua aliloshona mdogo wake kwa mkono wake, na friji bovu barazani ambalo shemeji yake alikuwa analitengeneza tangu hawajaoana.

"Mdogo wangu," alisema, na kipaza sauti kikazipeleka pumzi zake mpaka kona za ukumbi. "Vaa viatu."

"Dada?"

"Vaa viatu twende. Sasa hivi."

Njia nzima mdogo wake alilalamika. "Umenitia aibu mbele za watu. Mimi naumwa nini? Kichwa tu kinanigonga, tangu asubuhi." Dada mtu aliendesha gari huku ameng'ata mdomo, honi haikunyamaza.

Hospitali, nesi aliwatazama wote wawili. "Mgonjwa nani?"

"Huyu hapa."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Mpime."

"Mama, hapa hatupimi watu kwa kujifurahisha."

"Ana mimba, miguu imevimba, kichwa kinamgonga. Mpime, nakuomba, mwanangu."

Nesi aliposikia habari ya kichwa aliacha ukali. Akamfunga kitambaa cha presha mkononi, akapima. Akapima tena. Safari ya pili alifungua mlango akaita daktari kwa sauti ambayo hakuna mgonjwa anayependa kuisikia. Kilichofuata kilikwenda mbio: kitanda chenye magurudumu, sahihi ya shemeji aliyekuja na mikono yenye grisi, milango ya chumba cha upasuaji ikajifunga.

Wakakaa kwenye benchi. Shemeji alikuwa anaomba kimya kimya. Mama Mapema alikuwa anasikiliza viti. Vilikunjuliwa bila pupa, safu baada ya safu, kama vile uwanja ni mkubwa na wageni ni wengi. Halafu vikanyamaza. Hilo lilimwogopesha kuliko mlio wenyewe, maana hakujua kama vimekoma kwa kuwa amewahi au kwa kuwa vimetosha.

Daktari akatoka anavua kofia. "Mama mzima. Mtoto mdogo sana, lakini analia. Mngelala nyumbani leo, tungekuwa tunaongea mengine."

Akalia mpaka shemeji ndiye akawa anambembeleza. Mdogo wake alipozinduka, alimsimulia habari yote ya mlio.

Kuanzia hapo alidhani ameelewa alichopewa, na kwamba miaka yote alikuwa anakitumia vibaya. Mlio ulipokuja tena, na nyumba ikawa ya mwenye bucha, hakupakia gari. Alikwenda kwa miguu, akabisha hodi, akamsihi aende hospitali. Yule bwana, mwenye afya ya fahali, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua mlango wazi.

"Umekuja kunipimia ukubwa wa uwanja? Toka kwangu!"

Alimwita mkewe, akamwita kaka yake, wote wakamfukuza. Yule bwana alianguka buchani kwake wiki ile ile, kisu kingali mkononi. Walioshuhudia mama huyo akibisha hodi hawakusema alikuja kumwonya. Walisema alikuja kumchukua.

Mtoto wa mdogo wake akatoka hospitali, akanenepa. Asubuhi moja, mashangazi wa mtoto waliokuja kumwona wakiwa wameshaondoka, Mama Mapema akapita na kofia ndogo ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Mdogo wake alifungua mlango anacheka. Alipomwona ni nani, kicheko kikamkauka. Alirudi mbio chumbani, akamnyanyua mtoto, akamshika paji la uso, kifua, tena paji la uso.

"Nani?" aliuliza. "Dada, niambie, nani?"

"Hakuna mtu. Nimekuja kuwasalimia tu."

"Kweli?"

"Kweli, mdogo wangu. Sijasikia kitu."

Mdogo wake akaketi, amemkumbatia mtoto, machozi yanamtoka. "Uliniokoa. Nitakushukuru mpaka nife. Lakini usinijie ghafla, dada. Piga simu kwanza. Sema unakuja kunywa chai."

Tangu siku hiyo hupiga simu. Kazi hakuiacha, hana nyingine anayoijua. Ila siku hizi akiitwa kwenye msiba huliegesha gari kwenye kona, nje ya macho ya watu, injini imezimwa. Dereva wake hutazama magari ya washindani yakipita.

"Mama, wale wanatupita. Twende?"

"Bado," humjibu. "Waache wao ndio waonekane kwanza."

Naye hukaa pale, mikono mapajani, akisikiliza.